Je, Wajua? Njia ya Zanzibar Ilipita California

Je, wajua kwamba mwaka 1941 Wamarekani walikata tikiti kwenda kuitazama "Zanzibar" isiyokuwa na hata punje moja ya mchanga wa Unguja? Picha yenyewe iliitwa Road to Zanzibar, ikatolewa na kampuni ya Paramount mwezi Aprili mwaka huo, nyota wake wakiwa Bing Crosby, Bob Hope na Dorothy Lamour. Urefu wake ni dakika 92. Vita halisi vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, pale manowari za Waingereza zilipoipiga mizinga kasri ya Sultan Khalid bin Barghash, vinakadiriwa kuchukua kati ya dakika 38 na 45. Yaani vita vile vingepiganwa mara mbili na picha bado inaendelea.

Kisa chake ni cha matapeli wawili wanaozunguka Afrika na maonyesho ya mazingaombwe. Mmoja anajidai kuwa risasi ya kibinadamu, anaingia kwenye mzinga na kufyatuliwa, kumbe kinachorushwa ni sanamu. Siku moja maonyesho yanashika moto, wanatimka. Baadaye wanajitia kwenye biashara ya mgodi wa almasi ambao haupo, wanatimka tena, na safari hii wanaangukia Zanzibar. Hapo wanamkuta msichana ananadiwa sokoni kama mtumwa. Wanaingiwa na huruma, wanamnunua, kisha inadhihirika kwamba mnada ule ulikuwa ujanja wa msichana mwenyewe na mwenzake wa kujipatia pesa. Kinachofuata ni safari ya porini, wala watu wenye ngoma, na Bob Hope akipigana mieleka na gorila.

Unguja haijapata kuwa na gorila, wala simba. Mnyama wake wa fahari ni kima punju wa Jozani, ambaye hapigani mieleka na mtu. Hilo la gorila tulicheke, tuliache lipite. La mnada ni gumu zaidi kulicheka. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultan Barghash, na pale pale pakajengwa kanisa la Waanglikana. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Kwa hiyo wakati Dorothy Lamour ananadiwa kwa mzaha mbele ya kamera huko California, visiwani walikuwa bado wanaishi watu waliozaliwa utumwani.

Na Zanzibar iliingiaje humo? Hadithi ya awali ilihusu msako wa kanali aliyepotea, na jina la hadithi hiyo lilimtaja Fawcett, jina linalomkumbusha mtu yule Mwingereza Percy Fawcett aliyepotelea misitu ya Brazil mwaka 1925. Wakubwa wa studio waliona inafanana mno na picha ya Stanley na Livingstone iliyotolewa na studio nyingine mwaka 1939. Badala ya kuitupa, wakaigeuza kichekesho. Mwaka uliotangulia, 1940, Crosby, Hope na Lamour walikuwa wamepata faida nono kwa Road to Singapore, basi palihitajika jina jingine la mji wa mbali lenye mlio mtamu. Maoni yangu ni kwamba Zanzibar ilichaguliwa kwa mlio tu. Herufi ile ya Z, mwandishi wa mabango ya sinema haiachi hivi hivi.

Je, wajua kwamba mwongozaji wa picha hiyo alikuwa mpiga fidla? Aliitwa Victor Schertzinger. Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1888 huko Mahanoy City, mji wa wachimba makaa ya mawe jimboni Pennsylvania. Tangu akiwa mtoto mdogo alikuwa akipandishwa jukwaani na fidla yake mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Alipokua alikwenda Ubelgiji kuongeza elimu ya muziki, akarudi kuongoza okestra za majumba ya maonyesho. Aliyezoea taarab anajua vizuri mpiga fidla ni mtu wa namna gani: sikio lake halimsamehei mtu.

Sinema ilimwita kwa sababu ya sikio hilo. Mwaka 1916 mtayarishaji Thomas Ince alikuwa na picha kubwa iliyoitwa Civilization. Enzi hizo picha zilikuwa bubu, lakini ukumbi haukuwa kimya. Palikuwa na mpiga piano, na kwenye kumbi kubwa okestra nzima, ikipiga huku ikitazama kiwambo. Kwa kawaida kila ukumbi ulijipigia ulichojua. Ince alitaka muziki uliotungwa makusudi kwa picha yake, nota zake zisafiri pamoja na mikanda, na Schertzinger ndiye aliyeutunga. Mwaka uliofuata, 1917, Ince akamkabidhi kazi ya kuongoza picha. Tangu hapo hakurudi nyuma. Mpaka anakufa alikuwa ameongoza picha zaidi ya 80.

Idadi hiyo inamshangaza mwongozaji wa leo, ambaye picha moja humla miaka mitatu. Lakini mfumo wa studio ulikwenda hivyo. Studio ilikuwa mwajiri: iliwaajiri waigizaji kwa mkataba wa miaka, waandishi, mafundi wa taa, washona nguo, mafundi seremala, na mwongozaji naye. Asubuhi unafika kazini, unakuta hati ya picha mezani, nyota wamekwisha pangwa, na barabara ya mji wowote unaoutaka imekwisha jengwa kwa mbao na plasta uani. Mwaka 1940 Schertzinger alitoa picha mbili: Road to Singapore na Rhythm on the River. Mwaka 1941 akatoa tatu: Road to Zanzibar, Kiss the Boys Goodbye na Birth of the Blues. Picha tano kwa miaka miwili, huku ya sita iko jikoni.

Ukiipitia orodha ya kazi zake unakutana na jambo la kuchekesha. Mtu huyu alifanya ughaibuni wake karibu wote studioni. One Night of Love ya 1934 inampeleka mwimbaji wa kike Italia kujifunza opera, lakini Italia hiyo ilijengwa Hollywood. The Mikado ya 1939 ni Japani ya rangi za kung'aa, iliyopigwa ndani ya studio Uingereza. Singapore yake ni ya California, na Zanzibar yake vilevile. Si kwamba hakujua kutoka nje. Mwaka 1929 aliongoza Redskin, picha bubu kuhusu kijana wa Kinavajo anayepelekwa shule ya wazungu na kurudi akiwa si wa huku wala si wa kule. Kwa picha hiyo alipeleka kamera mpaka korongo la Canyon de Chelly, Arizona, akapiga sehemu za kijijini kwa rangi, jambo la gharama kubwa siku zile, na sehemu za mjini kwa nyeusi na nyeupe. Ni miongoni mwa kazi zake bora, na anayeitazama leo hubaki akijiuliza Mji Mkongwe ungeonekanaje machoni mwa mtu kama huyo, lau studio ingemkatia tikiti ya meli.

Je, wajua kwamba alitunga muziki uliopata Oscar, na sanamu ikachukuliwa na mtu mwingine? Mwaka wa kwanza tuzo ya muziki wa filamu kutolewa ulikuwa ule wa picha za 1934. One Night of Love ikashinda. Maudhui ya muziki yalikuwa yake Schertzinger pamoja na Gus Kahn, lakini kanuni za wakati ule zilisema tuzo ni ya idara ya muziki ya studio, na sanamu hukabidhiwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara pale Columbia alikuwa Louis Silvers, basi Silvers akapanda jukwaani. Ni sawa na ukumbi mzima kusimama na noti mkononi, kisha kumpita aliyeimba na kwenda kumtunza katibu wa kikundi. Mwaka huo huo Schertzinger aliteuliwa pia kwa uongozaji, na hakushinda.

Sikio la fidla halikumwacha hata alipokuwa anaongoza vichekesho. Nyimbo za Road to Zanzibar hazikuwa zake, zilitungwa na Johnny Burke na Jimmy Van Heusen, lakini kuna kipande kimoja ambacho nadhani mwanamuziki tu ndiye angekifurahia kiasi kile. Crosby na Lamour wako ndani ya mtumbwi mtoni, na Crosby anaanza kuzikejeli picha za sinema: mtu yuko katikati ya msitu, anafungua kinywa aimbe, na ghafla okestra inalia, imetoka wapi? Hajamaliza kejeli, muziki unaanza. Anaweka mkono majini, maji yanalia kama kinubi. Kisha anaimba, na okestra isiyoonekana inamsindikiza mpaka mwisho wa wimbo bila haya. Mtu aliyeanza kazi kwa kuwapatia wapiga ala nota za picha bubu alikuwa anaucheka ufundi wake mwenyewe.

Schertzinger alifariki dunia ghafla kwa maradhi ya moyo tarehe 26 Oktoba 1941, Hollywood, akiwa na umri wa miaka 53. Miezi sita tu ilikuwa imepita tangu Road to Zanzibar itoke. Alikuwa hajaikamilisha The Fleet's In, picha aliyoiongoza na kuitungia nyimbo, maneno yakiandikwa na Johnny Mercer. Wenzake waliimalizia, ikatoka 1942. Mojawapo ya nyimbo zake, Tangerine, ilipigwa na bendi ya Jimmy Dorsey ikashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka huo, mtunzi akiwa kaburini. Nyingine, I Remember You, ililala miaka 20, kisha mwaka 1962 Frank Ifield akaiimba upya ikaongoza chati za Uingereza. Wapo watu wengi duniani wanaoweza kuipiga mluzi Tangerine na hawajapata kulisikia jina la Schertzinger.

Je, wajua kwamba picha yake haikuwa ya kwanza ya Hollywood kujipachika jina la visiwa? Mwaka mmoja kabla, 1940, kampuni ya Universal ilitoa picha iliyoitwa Zanzibar, bila nyongeza yoyote. Mwongozaji wake, Harold Schuster, alianza kama mhariri wa mikanda, na ndiye aliyetajwa kuwa mhariri wa Sunrise, ile kazi mashuhuri ya Mjerumani F. W. Murnau ya mwaka 1927. Zanzibar ya Schuster inahusu mwanamke mpelelezi anayeongoza msafara kusaka fuvu la sultani.

Msomaji wa Iringa hapo lazima agune. Fuvu lenyewe lilikuwepo kweli, ila halikuhusiana na Zanzibar hata kidogo. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba uliofunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza, kiliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka 35. Fuvu lilirudishwa 1954 na Gavana Edward Twining, likawekwa Kalenga, Iringa, na liko huko mpaka leo. Kwa hiyo picha ya kubuni ilisaka fuvu na kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema miaka 14 kabla watu wenye fuvu lao hawajaliona.

Sasa tugeuze kiti. Wakati Hollywood inajitungia Zanzibar yake, Wazanzibari wenyewe walikuwa wanatazama nini?

Walikuwa wanatazama, tena sana. Ukumbi wa Royal ulifunguliwa Vuga mwaka 1921, umechorwa na John Sinclair, mwanadiplomasia wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu majengo, yule yule aliyechora jumba la Beit el Amani. Ulikuwa ukumbi wa kujisifia. Baadaye uliungua, na mwaka 1955 pakasimama Majestic, wenye uso wa mistari ya kisasa ambao hata leo, pamoja na uchakavu wake wote, mtu akipita Vuga hugeuza shingo. Malindi palikuwa na Sultana, uliobatizwa Cine Afrique baada ya Mapinduzi. Darajani palikuwa na Empire. Kwa mji wenye ukubwa wa Unguja Mjini wakati ule, hiyo ni neema.

Na mwongozaji aliyezitawala nyoyo humo ndani hakuwa wa California. Alikuwa Raj Kapoor wa Bombay.

Naye alikuwa mtu wa studio, ila alijitengenezea yake. Alizaliwa Peshawar tarehe 14 Desemba 1924, mtoto wa mwigizaji Prithviraj Kapoor, na umaarufu wa baba haukumpa njia ya mkato: alianzia chini, kazi yake ikiwa ni kupiga kibao mbele ya kamera kabla ya kila tukio. Kabla ya miaka 25 alikuwa ameanzisha kampuni ya R.K. na kuongoza picha yake ya kwanza, Aag, mwaka 1948. Barsaat ya 1949 ikamletea pesa, na pesa zikajenga studio huko Chembur. Nembo ya studio ilitoka kwenye picha hiyo hiyo: mwanamume ameshika fidla mkono mmoja, na mkono mwingine umembeba mwanamke aliyejilaza nyuma. Fidla tena. Zimetufuata.

Halafu ikaja Awara, mwaka 1951. Hakimu anamfukuza mkewe akidhani mimba si yake. Mtoto anakulia mitaani, anakuwa mwizi, na siku moja anasimama kizimbani mbele ya baba asiyejua kwamba ni baba. Hakimu aliigizwa na Prithviraj, baba mzazi wa Raj Kapoor. Mtoto alipokuwa mdogo aliigizwa na Shashi, mdogo wake Raj. Na babu yao, Basheshwarnath, naye anaonekana humo kama hakimu mwingine. Vizazi vitatu vya nyumba moja ndani ya kesi moja. Kipande cha ndoto, chenye ngazi zinazopanda mawinguni, moshi, na masanamu makubwa ya kutisha, kina dakika tisa tu kwenye kiwambo na kilichukua miezi mitatu kupigwa. Hapo ndipo unapoona tofauti ya kuwa mwajiriwa na kuwa mwenye studio. Paramount isingemvumilia Schertzinger miezi mitatu kwa dakika tisa.

Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania, aliwahoji wazee wa Unguja juu ya picha walizozipenda ujanani, na Awara ilitajwa kuliko nyingine. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya Kihindi. Tikiti ziliwahiwa, na asiyewahi alinunua kwa walanguzi mlangoni. Wengi wa waliokuwa wakilia ukumbini hawakujua Kihindi. Hawakukihitaji. Baba anayemkana mwanawe kwa hoja ya ukoo, mwanamke anayehukumiwa kwa fununu, kijana anayempenda asiyemstahili kwa hesabu za wazazi: mambo hayo yalikuwa yakijadiliwa kila siku kwenye mabaraza na kumbi za nyumba za Mji Mkongwe na Ng'ambo, na sasa yalikuwa na nyimbo. Nyimbo zenyewe zilihamia kwenye taarab. Njia ilikuwa imekwisha fyekwa: Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri tangu 1928, na mahadhi hayalipi ushuru forodhani.

Raj Kapoor alipanda na kushuka. Mera Naam Joker ya 1970, yenye urefu wa zaidi ya saa nne na mapumziko mawili, karibu imfilisi. Bobby ya 1973 ikamwokoa. Mwezi Mei 1988 alikwenda Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, pumu ikambana pale pale kwenye sherehe, akapelekwa hospitali, akafariki tarehe 2 Juni. Studio ya Chembur iliungua 2017, na 2019 kiwanja chake kikauzwa kwa kampuni ya ujenzi wa nyumba.

Paramount nayo ilifika Tanganyika hatimaye, karibu miaka 20 baada ya gorila wa Bob Hope. Howard Hawks, mmoja wa waongozaji wakubwa kabisa wa enzi ya studio, alipiga Hatari! maeneo ya Arusha na Momella kati ya 1960 na 1961, ikatoka 1962, safari hii na vifaru wa kweli. Mwigizaji mmoja Mjerumani, Hardy Krüger, alipapenda Momella kiasi cha kununua shamba na kuhamia. Kisiwani hawakuvuka.

Aliyevuka ni mtoto wa nyumbani. Amil Shivji wa Dar es Salaam alichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, inayohusu Zanzibar ya miaka ya 1950 iliyokuwa inapigania uhuru, akaipiga katika vichochoro vyenyewe vya Mji Mkongwe kwa Kiswahili cha huko, Siti Amina, mwanamuziki wa taarab, akiwa miongoni mwa waigizaji. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa, mara ya pili tu kwa nchi hii kufanya hivyo, baada ya Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001.